Bahari Inapopata Joto: Vimbunga vya Pwani Yetu, Kutoka 1872 Hadi Hidaya



Ukifika Kariakoo ukakuta bei ya nazi imepanda ghafla, au ukaambiwa magari ya mizigo kutoka Kilwa na Lindi hayakuingia, utamlaumu nani? Wengi wetu humlaumu mchuuzi. Wengine humlaumu dalali, na mara nyingine dalali anastahili. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haina meza sokoni wala haina leseni. Sababu hiyo ni bahari, na hasa joto lililomo ndani ya bahari.

Leo basi tuzungumze juu ya vimbunga, yaani zile tufani kubwa zinazozaliwa baharini na kuja nchi kavu na upepo na mvua. Tutaangalia vilivyopiga pwani yetu tangu karne ya kumi na tisa, tutajiuliza nguvu zake zinatoka wapi, kisha tutaona mambo haya yanamhusu vipi mwenye shamba Mafia, Mkuranga au Kilwa, na yule anayepokea mzigo wake pale Kariakoo.

Yapo maneno ambayo wazee wengi wa pwani wamezoea kuyasema: "Kimbunga si cha kwetu. Kimbunga ni cha Madagaska na Msumbiji." Maneno haya yana ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaomponza mkulima. Ni kweli kwamba vimbunga ni wageni wa nadra kwetu. Lakini mgeni wa nadra akija huku umelala, atakuta mlango wazi.

Mwaka ambao Unguja ilipoteza mikarafuu

Tuanze na mwaka 1872. Wakati ule Sayyid Barghash alikuwa amekaa kwenye kiti cha usultani wa Zanzibar mwaka wa pili tu, baada ya kufariki ndugu yake Majid mwaka 1870. Majid ndiye aliyeanzisha mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, na alipokufa mji ule ulibaki kama shamba lililoachwa na mwenyewe. Mali yote ilikuwa Unguja, na mali yenyewe ilikuwa karafuu.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Upepo uling'oa mikarafuu na minazi, ukavunja nyumba, ukavizamisha vyombo bandarini pamoja na meli za Sultani mwenyewe. Wanahistoria hukadiria kuwa kiasi cha theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangamia. Upande wa bara, Bagamoyo nayo iliumia, na majengo ya misheni ya mapadri Wafaransa yaliharibiwa vibaya. Bagamoyo, ndugu msomaji, ni mwendo wa kilometa kama 70 tu kutoka hapa Dar es Salaam.

Wewe ni mkulima, unajua maana ya hasara ile. Mahindi yakianguka, msimu ujao utapanda tena. Lakini mkarafuu huchukua miaka kama sita au saba kabla ya kuanza kukupa chochote cha maana, na miaka mingi zaidi kufikia uzazi wake kamili. Mtu aliyepoteza shamba Aprili ile alipoteza na miaka iliyokuwa mbele yake.

Sasa angalia jambo hili. Kisiwa cha Pemba, ambacho hakiko mbali na Unguja, kwa sehemu kubwa kilisalimika. Karafuu zilipoadimika bei ikapanda, na wenye mashamba ya Pemba wakapata faida. Mikarafuu mipya ikapandwa huko kwa wingi. Tangu siku hizo Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu, na mpaka leo sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Upepo wa siku moja uliihamisha biashara ya nchi nzima kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine.

Lakini tusisahau nani alilipa gharama. Mashamba yale yalifanya kazi kwa jasho la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873, mwaka mmoja tu baada ya kimbunga, Barghash akishinikizwa na Waingereza alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini mashamba mapya ya Pemba yalitaka mikono, bei ya karafuu ilikuwa nzuri, na watu waliendelea kuvushwa kwa magendo usiku kutoka bara kwenda kisiwani. Basi kimbunga hakikuishia kwenye miti. Kiliingia mpaka katika maisha ya watu waliokuwa wakiishi mbali na bahari.

Nguvu hizi zinatoka wapi?

Sasa tujiulize: kitu gani kinaupa upepo nguvu ya kulala na msitu mzima kwa siku moja?

Hebu tusogee kwa mama lishe mmoja wa mitaa ya Kariakoo anayechemsha maji ya ugali. Maji ya moto yakimrukia mkononi yatamuunguza. Lakini mvuke ukimpiga mkono utamuunguza zaidi. Kwa nini? Kwa sababu maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto na kulificha ndani yake. Mvuke ule ukigusa ngozi, ambayo ni baridi kuliko wenyewe, hurudi kuwa maji, na lile joto lililofichwa hutoka papo hapo.

Bahari ni sufuria hilo hilo, ila ni sufuria pana sana. Jua hupasha maji ya juu, maji yakawa mvuke, mvuke ukapanda angani na joto lake. Huko juu kuna baridi. Mvuke hurudi kuwa matone ya maji, ndiyo mawingu na mvua, na joto lililofichwa hutoka. Hewa inayozunguka mawingu yale hupata joto, huwa nyepesi, nayo hupanda. Ikipanda, pale chini juu ya bahari pana pengo. Hewa ya pembeni hukimbilia kulijaza pengo lile, na katika kukimbia juu ya maji ya moto huzoa mvuke mwingine. Mvuke huo nao hupanda, hutoa joto, pengo huongezeka, na upepo hukimbia zaidi. Ni kama jiko la mkaa linalojipepea lenyewe.

Mkaa wa jiko hilo ni joto la bahari. Wataalamu wa hali ya hewa wanasema kimbunga huhitaji maji yenye joto la kiasi cha nyuzi 26 na nusu za sentigredi au zaidi. Tena si utandu wa juu tu. Joto hilo lazima liende chini kiasi cha mita 50. Sababu yake ni rahisi. Kimbunga huikoroga bahari kama mwiko unavyokoroga uji. Kama maji ya moto ni utandu mwembamba, yale ya baridi yaliyo chini huletwa juu, na jiko hujizima. Kama maji ya moto ni mengi na yamekwenda chini, kimbunga kitakoroga na bado kitakuta mkaa.

Kadiri bahari inavyopata joto kupita kiwango hicho, ndivyo kimbunga kinavyoweza kuwa na nguvu zaidi. Na hapa pana hesabu ambayo kila mwenye paa la bati na kila mwenye mnazi lazima aijue. Upepo ukiongezeka mwendo mara mbili, nguvu yake ya kusukuma ukuta au mti haiongezeki mara mbili. Huongezeka mara nne. Upepo wa kilometa 120 kwa saa unausukuma mnazi wako mara nne ya ule wa kilometa 60. Ndiyo maana joto kidogo tu la ziada baharini laweza kuleta hasara kubwa nchi kavu.

Kimbunga kikipanda nchi kavu huanza kudhoofika, kwa sababu kimenyang'anywa mkaa wake. Upepo hupungua kwanza. Mvua huendelea, maana mvuke ulioko juu lazima ushuke mahali fulani.

Mbona basi hatupigwi kila mwaka?

Swali zuri. Bahari yetu ina joto. Hapa mbele ya Dar es Salaam, kati ya Machi na Aprili maji ya juu hufikia nyuzi kama 29. Agosti, kusi linapovuma, hushuka hadi nyuzi 25 hivi. Kama ni joto peke yake, basi kila Aprili tungekimbia nyumba zetu.

Lakini wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kimbunga nacho kinataka mambo kadhaa yakutane.

Kwanza, kinataka kuzunguka, na mzunguko wake hutokana na kuzunguka kwa dunia yenyewe. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni ndogo mno. Ndani ya nyuzi 5 kutoka ikweta vimbunga ni nadra kabisa. Unguja iko nyuzi 6 kusini, Dar es Salaam inakaribia nyuzi 7, na Lindi ni nyuzi 10. Kwa hiyo tuko ukingoni mwa hifadhi ya ikweta, wala hatuko ndani yake. Na kadiri unavyoshuka kusini, hifadhi hiyo hupungua.

Pili, kinataka upepo wa chini na upepo wa juu usipishane sana. Ukipishana, kimbunga hukatwa kichwa. Sisi watu wa pwani tunazijua pepo zetu. Kaskazi huvuma miezi ya kiangazi cha mwanzo wa mwaka, na kusi huvuma katikati ya mwaka. Kati yake kuna kipindi cha tangambili, ambapo upepo mmoja umechoka na mwingine haujashika. Aprili ni mwezi wa namna hiyo. Bahari imekwisha kupata joto lake lote la mwaka, na pepo zimelegea.

Tatu, kisiwa cha Madagaska kimekaa kama ukuta upande wa kusini-mashariki yetu. Vimbunga vingi vinavyotoka bahari kuu hupiga huko kwanza, au hupindia kusini.

Unaona sasa kwa nini ule usemi wa "si cha kwetu" ni ukweli nusu? Tunalindwa na mahali tulipo. Hatulindwi na bahari yetu, kwa kuwa joto inalo la kutosha.

Lindi, 1952

Miaka 80 kamili baada ya Unguja, tarehe ile ile ya 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kilitua kusini mwa Tanganyika karibu na Lindi. Kilivunja nyumba, kikang'oa miti na kuua watu. Tarehe kufanana ni bahati tu, lakini mwezi kufanana si bahati. Aprili ndiyo Aprili.

Wakati huo mambo ya hali ya hewa yalikuwa chini ya Idara ya Afrika ya Mashariki iliyohudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar kwa pamoja. Setilaiti hazikuwapo. Ya kwanza ya kupiga picha za mawingu ilirushwa na Marekani Aprili 1960. Kabla ya hapo, kujua kimbunga kiko wapi baharini kulitegemea meli iliyokutana nacho ikasalimika kutoa habari. Mkulima wa Lindi wa mwaka 1952 alikuwa na macho yake, mawingu, na mawimbi yaliyokuwa yakijaa ufukoni.

Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaanzisha idara yake yenyewe, ambayo baadaye ikawa wakala mwaka 1999, na tangu 2019 ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Siku hizi kimbunga huonekana tangu kingali wingu changa, siku kadhaa kabla hakijafika. Tumepata macho ambayo Barghash na meli zake zote hakuwa nayo. Kazi iliyobaki ni masikio.

Miaka ya karibuni

Mwaka 2019 majirani zetu wa Msumbiji walipigwa mara mbili katika muda wa wiki sita. Idai ilitua Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi. Msumbiji, Zimbabwe na Malawi kwa pamoja zilipoteza watu zaidi ya 1,000. Tarehe 25 Aprili kikafuata Kenneth, kilichotua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Watu wa Mtwara walitahadharishwa kuhamia mahali salama. Kenneth kingepotoka kidogo kuelekea kaskazini, tungekuwa tunasimulia habari nyingine leo.

Aprili 2021 kikaja Jobo, na safari hii njia yake ilielekea huku kwetu Dar es Salaam. Watu walikaa macho. Lakini kabla hakijafika nchi kavu kilidhoofika, kwa sababu upepo wa juu na hewa kavu vilikiharibia kazi. Wengine wakacheka: "Mnaona? Wametutisha bure." Ndugu msomaji, mbwa aliyebweka mwizi akakimbia hakubweka bure. Na bahari iliyompa Jobo nguvu za mwanzo haikuhama.

Miaka mitatu baadaye akaja Hidaya. Jina ni zuri, mabinti wengi wa pwani wanalo, lakini huyu alikuwa mwingine. Kilizaliwa mashariki ya pwani yetu siku za mwanzo za Mei 2024, baada ya msimu wa kawaida wa vimbunga kwisha. Bahari ilikuwa bado na joto kupita kawaida yake. Tarehe 4 Mei kilifika kisiwa cha Mafia, kisha kikadhoofika kilipokaribia bara. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa, na wavuvi walikuwa wameonywa.

Upepo ukapungua, lakini kumbuka tulivyosema: mvuke lazima ushuke. Mvua kubwa ikanyesha Kilwa na Lindi. Barabara kuu ya kusini ikakatika katika maeneo ya Somanga, madaraja yakasombwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Mtu aliyekuwa na mzigo wake upande wa Lindi aliweza kuusikia mji kwa simu, lakini hakuweza kuufikia. Kabla mwezi ule haujaisha, kimbunga kingine, Ialy, kikapita baharini na kusogea upande wa Kenya. Vimbunga viwili mwezi Mei katika maji yetu si jambo la kawaida.

Kariakoo na maji ya bahari

Huenda mtu wa mjini akasema: "Hayo ni ya Mafia na Kilwa. Mimi niko Kariakoo, kuna maghorofa." Haya, tumjibu.

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Soko likaanza katika miaka ya 1920. Jengo kubwa tunalolijua lilibuniwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake lilitengenezwa kwa miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, ili maji ya mvua yakusanyike na kutumika. Huyo alikuwa msanifu aliyejua kwamba Dar es Salaam ni mji wa mvua za bahari. Mvua haikuwa adui kwake. Aliitengea mahali pa kwenda.

Lakini ukitoka sokoni ukashuka kidogo tu kwa mguu, unafika Jangwani na bonde la Msimbazi, ambako mvua haikutengewa mahali pa kutosha. Desemba 2011, kwa muda wa siku tatu, mvua kubwa ilinyesha na Msimbazi ukafurika. Watu zaidi ya 40 walifariki mjini, na wengi wakahamishiwa Mabwepande. Ile haikuwa mvua ya kimbunga. Sasa jaribu kufikiria mvua ya kimbunga ikikaa juu ya bonde lile lile.

Na mvua za namna zote mbili hunywa katika chungu kimoja. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi: kwa kila nyuzi 1 ya ziada, kiasi cha asilimia 7. Bahari ya upande wetu ikipata joto kuliko ile ya upande wa Indonesia, vuli huwa kubwa Afrika ya Mashariki. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, ndivyo ilivyokuwa 1997, na ndivyo ilivyokuwa 2019.

Hata kimbunga cha mbali kinafika sokoni. Aprili 2000 kimbunga Hudah kiliharibu mashamba ya vanila ya Madagaska. Katika miaka iliyofuata bei ya vanila duniani ikapanda sana, na wakulima wa Uganda na wa kwetu Kagera wakapanda vanila kwa furaha. Madagaska ilipoinuka tena bei ikaanguka, na wengi wakabaki na mashina. Ni hadithi ya Unguja na Pemba, isipokuwa safari hii walioipata faida hawakudumu nayo.

Tazama na nzige. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilitua Salalah, Oman, nchi yenye ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili. Oktoba mwaka ule ule kikafuata Luban, Yemen. Mvua zake zililowesha jangwa, majani yakaota mahali pasipoota kitu, na nzige wakazaliana bila mtu kuwaona. Mwisho wa 2019 makundi yao yaliingia Kenya, na mwanzoni mwa 2021 yakafika mpaka wilaya za kaskazini mwa Tanzania. Mfugaji wa Longido hajawahi kuiona bahari ya Uarabuni, lakini joto la bahari ile lilimfikia malishoni.

Bahari ya sasa si ile ya 1872

Vimbunga vilikuwapo kabla ya viwanda na magari. Barghash hakuwa na moshi wa dizeli wa kulaumiwa. Lakini moshi ambao nchi za viwanda, na baadaye dunia nzima, zimeumwaga angani umelifunika joto kama blanketi, na zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la ziada limemezwa na bahari. Bahari ya Hindi imeongezeka joto kwa kiasi cha nyuzi 1 tangu miaka ya 1950. Nyuzi 1 kwako wewe unayeoga ni kitu kidogo. Kwa kimbunga ni magunia ya mkaa.

Wataalamu hawasemi kwamba vimbunga vitakuwa vingi zaidi kila mwaka. Wanasema kwamba kati ya vile vitakavyozaliwa, vyenye nguvu kubwa vitaongezeka, vitanyesha mvua nyingi zaidi, na vingine vitapata nguvu kwa haraka, usiku mmoja tu. Hilo la mwisho ndilo la kuhofia, kwa sababu linapunguza muda wa kujiandaa.

Tufanye nini?

Kwanza, tuijue kalenda. Msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili, na Hidaya ametufundisha kuongeza Mei. Ukisikia katika taarifa ya hali ya hewa kwamba bahari ina joto kupita kawaida, usidhani hiyo ni habari ya wavuvi peke yao.

Pili, tusikilize onyo hata kama la jana halikutimia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Vuta chombo chako juu, funga bati kwa waya na misumari yenye vofia, kata matawi makavu yaliyo karibu na nyumba. Na upepo ukitulia ghafla katikati ya kishindo, usitoke nje. Hilo ni jicho la kimbunga, na upepo utarudi kutoka upande wa pili.

Tatu, shamba lisitegemee mti mmoja. Chini ya minazi panda muhogo na viazi vitamu. Kiazi hulala chini, upepo hupita juu yake. Mwenye mikarafuu mitupu Unguja mwaka 1872 hakubaki na kitu cha kumvusha mpaka miche ikue.

Nne, tuilinde mikoko ya Rufiji, Kilwa, Mafia na hii michache iliyobaki kandokando ya Dar es Salaam. Mikoko huvunja mawimbi kabla hayajafika shambani. Nguzo moja ya nyumba isiwe sababu ya kubomoa ukuta wa kijiji.

Tano, kwa watu wa mjini: mitaro ya Kariakoo na Gerezani ni njia ya maji, si jalala. Taka ya leo ndiyo mafuriko ya kesho. Mfanyabiashara anayeweka nafaka chini, shimoni au ghalani, aweke magunia juu ya mbao, na asingoje wingu ndipo atafute mbao.

Sita, ushirika na wanunuzi wapange mapema njia ya pili ya mzigo. Barabara ya kusini ikikatika, nani ana jahazi? Nani ana ghala Lindi? Maswali haya yana majibu Februari. Mei hayana.

Watu wa Unguja walipanda tena, na watu wa Lindi walijenga tena, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini wao walipigwa bila kuambiwa. Sisi tunaambiwa siku tatu, nne kabla. Basi Aprili ikifika, bahari ikawa shwari na joto lake limezidi, kagua bati, kagua mtaro, kagua ghala, na usikose taarifa ya hali ya hewa.